Kwaresima ya Amon

Mama Pelagia, fundi cherehani wa mtaani kwetu Chemchem, Tabora, alianza kwenda katika nyumba ya mahabusu ya watoto, kule mlimani, kwa sababu ya vifungo. Jumuiya yetu ndogo ya Kikatoliki ilikuwa imepeleka nguo za msaada, na yeye alipoona mashati yamegawiwa bila vifungo aliona aibu. Jumamosi iliyofuata alirudi peke yake na kopo lenye vifungo, sindano na uzi, akaketi uani, akashona. Wavulana wakamzunguka. Mmoja akaomba kujaribu. Hajaacha kwenda tangu siku hiyo.

Ni mwanamke mfupi, mwenye sauti ndogo, ambaye huvaa miwani yake kwenye paji la uso na kuitafuta mezani. Alizaliwa Uyui, katika ukoo wa Kinyamwezi ambao wazee wake walikuwa wapagazi katika njia ya misafara, kutoka pwani hadi Ujiji. Mumewe, aliyekuwa fundi wa reli, alifariki bila wao kujaliwa mtoto. Alimwachia nyumba ya vyumba vitatu, na kimoja kati ya hivyo hufagiliwa kila asubuhi ingawa hakuna anayelala humo.

Katika ile nyumba ya mahabusu utaratibu wake ulijulikana. Alimsalimia kila mtoto kwa jina, kisha akampa nguo iliyochakaa aifumue. Hakuruhusu mtu kushona kabla ya kufumua. Alisema kwamba anayefumua huiona kazi ya aliyemtangulia, mahali alipokuwa na haraka na mahali alipokuwa na subira. Mikono ikiwa kazini, midomo ilifunguka, na mengi aliyoyajua kuhusu watoto wale aliyapata juu ya mapindo ya suruali. Mwishoni alisoma Injili ya Jumapili na kusali. Watoto wa Kiislamu walikuwa huru kwenda zao wakati huo. Baadhi walibaki kwa ajili ya kivuli, naye hakuwauliza kitu.

Amon aliletwa kabla ya Krismasi. Alikamatwa Igunga pamoja na vijana waliomzidi umri, wakiwa na maturubai yaliyoibwa kwenye malori ya barabara ya Mwanza. Alieleza kwamba ana miaka kumi na mitano, ni Mkristo, wazazi wamekufa na ndugu hana. Alikuwa mpole, mwenye mkono mwepesi, na pindo lake lilinyooka kuliko la wenzake wote. Baada ya mwaka mpya aliomba ubatizo. Mama Pelagia, ambaye pia ni katekista, akaanza kumfundisha kwa ajili ya Pasaka.

Bi Consolatha, afisa ustawi wa jamii aliyesimamia shauri lake, alimweleza Mama Pelagia hali ilivyo. Mahakama ya watoto ingeweza kumruhusu Amon arudi uraiani chini ya uangalizi, ikiwa angepatikana mtu wa kumpokea. Ndugu wa damu wangefikiriwa kwanza, kisha mlezi mwingine mwenye sifa njema. Asipopatikana yeyote, kijana angepelekwa shule ya maadilisho, mbali, katika mkoa mwingine.

"Basi andika jina langu," Mama Pelagia alisema.

"Umefikiri vizuri, Mama?"

"Chumba ninacho. Nimekifikiria miaka mingi."

Siku hiyohiyo alikwenda dukani akanunua kitambaa cheupe kwa ajili ya vazi la ubatizo, akaanza kulishona jioni, akiisha kumaliza kazi za wateja.

Mwaka ule Kwaresima na Ramadhani ziliingia zikipishana siku chache. Mama Pelagia aliwaeleza wavulana kwamba Kanisa haliwalazimishi watoto wa umri wao kufunga. Kila mmoja aache kitu kidogo anachokipenda. Shilinde, mchunga ng'ombe kutoka Choma, mwenye kujibu haraka, alinyoosha mkono.

"Mimi nitaacha kuamka mapema."

"Utaacha ulimi wako, Shilinde. Huo ndio unaoupenda."

Lakini Amon alifunga kwelikweli. Uji wa mchana hakuugusa, hata maji hakunywa. Mama Pelagia alipomwambia kwamba si lazima, alijibu, "Naweza, Mama," akaendelea na pindo lake. Moyo wa katekista ulijaa furaha. Mbele ya wenzake alimtaja kuwa mfano, na wenzake hawakumwacha salama.

"Mtakatifu Amon, utuombee!" Shilinde aliita kutoka upande wa pili wa ua. "Na uji wako utuachie!"

Aliyemtoa Mama Pelagia katika furaha hiyo ni Adinani, mlinzi wa lango, mtu wa Urambo aliyehamishiwa mjini miezi michache tu nyuma. Jumamosi moja alasiri, alipokuwa akimfungulia atoke, alisita na funguo mkononi.

"Mama Pelagia, nataka kukuuliza jambo la dini. Usinikasirikie."

"Uliza, Adinani."

"Kwaresima yenu, maji mnakunywa?"

"Tunakunywa."

"Na mate?"

"Mate gani tena?"

"Mate ya kinywani. Huyu Amon wako anatema mate kutwa nzima, hataki kumeza. Nikajiuliza, mtoto wa kanisani nani kamfundisha?"

Mama Pelagia alitaka kucheka, lakini uso wa Adinani haukuwa wa mzaha.

"Mama, mtoto yule hafungi Kwaresima yenu. Anafunga mwezi wetu. Na kuna jingine. Wenzake waliofunga hufuturu pamoja, msikiti huu wa jirani ukiadhini. Yeye hujitenga, akakaa pale ukutani na kikombe chake. Hanywi. Anamngoja mzee mmoja wa msikiti wa bondeni, ambaye huadhini baada ya wengine. Akimsikia yule, ndipo anakunywa. Juzi mvua ilikuwa kubwa, sauti haikufika. Alikaa na kikombe mpaka nikamkaripia."

Mama Pelagia alirudi nyumbani kwa miguu, akipita barabara ya zamani ya misafara, ambayo sasa ina maduka ya simu na vijiwe vya bodaboda. Hakuuliza mtu kitu. Jumatano, ambayo haikuwa siku yake, aliomba ruhusa kwa Bi Consolatha, akaketi na Amon uani, kila mmoja na upande wake wa sketi kuukuu, wakawa wanafumua.

"Yule anayeadhini bondeni ni nani wako?"

Sindano ya kijana ilisimama.

"Baba."

"Na wewe ni nani?"

"Majidi."

Yaliyobaki aliyasema akitazama kitambaa. Mzee Twalibu, baba yake, ni fundi wa majiko ya bati na muadhini wa msikiti mdogo wa bondeni. Ufunguo wa chumba chenye mitambo ya kipaza sauti hukaa kwake, kwenye msumari nyuma ya mlango. Vijana wa stendi walimwahidi Majidi kwamba watampeleka Mwanza wakapate kazi, ila kila mtu achangie safari. Yeye alichukua ufunguo wa baba, akatoa betri ya msikiti, akawapa wakauze. Msikiti ukanyamaza. Baba alipojua ni nani, alisimama baada ya sala mbele ya jamaa wote, akala yamini.

"Nilikuwa nyuma ya ukuta," Majidi alisema. "Nilisikia. Alisema, wallahi, hatakanyaga nyumba yangu. Ndiyo nikapanda lori. Niliposhikwa Igunga sikutaka lije jina lake mahakamani. Nikasema Amon. Sikujua watanileta hukuhuku."

"Ukasikia sauti yake."

"Siku ileile, alasiri." Akafuta pua kwa kiganja. "Nikajua wamepata betri nyingine."

Mama Pelagia alishusha miwani kutoka kwenye paji la uso, akaifuta, akaivaa tena. Kijana akamgeukia kwa haraka.

"Mama, usiseme. Nibatize, niwe Amon kweli. Si ulisema chumba kipo?"

"Chumba kipo."

"Basi!"

Alinieleza baadaye kwamba hilo "basi" ndilo neno lililomjaribu kuliko yote katika maisha yake. Jumatatu ilikuwa siku ya shauri. Angenyamaza siku tano tu, mtoto angekuwa wake. Hakuna ambaye angemlaumu, na mtoto mwenyewe ndiye aliyeomba.

"Ubatizo si mahali pa kujificha, mwanangu," alisema hatimaye. "Siku utakapoutaka ukiwa Majidi, na baba yako akijua, siku hiyo tutazungumza. Leo unatafuta ukuta wa kujibanza."

"Kwa hiyo hata wewe unanifukuza."

"Sikufukuzi. Jumamosi nitakuja, na Jumamosi nyingine nitakuja, uwe nani uwe nani. Lakini baba yako hajui kama uko hai."

"Alikula yamini!"

"Nawe kila jioni unamngoja."

Majidi aliweka sketi chini, akaondoka. Mama Pelagia alikusanya sindano, akazirudisha kwenye kopo, akaelekea langoni. Adinani alipokuwa akifungua, sauti ya kijana ilitoka nyuma yake.

"Mama! Nenda. Lakini usimwambie nalia."

Kabla ya kwenda bondeni alipita ofisini kwa Bi Consolatha, akamweleza yote kwa utaratibu. Yule afisa aliweka kalamu mezani.

"Unajua, Mama, akipatikana baba, ombi lako halina nafasi tena."

"Ninajua."

Mzee Twalibu alikuwa barazani kwake, akinyoosha bati la debe la mafuta kwa nyundo. Nyumba yake inatazamana na ile barabara ya zamani, na wazee wa wazee wake walifika Tabora pamoja na misafara ya pwani, wakatulia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mama. Karibu. Unataka jiko la ukubwa gani?"

"Sikuja kununua jiko. Nimekuja kwa deni la zamani. Watu wa kwenu walifika hapa mikono mitupu, wa kwetu ndio waliowabebea mizigo."

Mzee alicheka kidogo, kwa kuwa utani ule wa Wanyamwezi na watu wa pwani aliujua tangu utoto. "Na hamjaacha kudai. Haya, Mnyamwezi, leo umebeba nini?"

"Nimekuletea mzigo wako mmoja uliopotea njiani. Majidi."

Nyundo ilibaki hewani, kisha ikawekwa chini taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika. Mlangoni alitokea mkewe, Bi Swaumu, na mwiko mkononi.

"Yu hai?" mzee aliuliza.

"Yu hai. Yuko katika nyumba ya mahabusu ya watoto, hapo juu."

"Hapo juu? Hapo hapo?"

"Tangu kabla ya Krismasi."

"Sauti inafika?"

"Inafika. Msikiti wa jirani ukiadhini wenzake wanafuturu. Yeye hanywi mpaka akusikie wewe."

Bi Swaumu aliketi kizingitini akaficha uso kwa ncha ya khanga. Mzee Twalibu alijifuta mikono kwa kitambaa cheusi cha kazi, akarudia, akarudia tena, ingawa haikutakata.

"Nimekula yamini, mama. Mbele ya jamaa. Mimi ndiye ninayewaita watu kwenye sala. Nikiwa mwongo, nani ataniitikia?"

"Sheria za yamini zenu mimi sizijui. Najua kwamba shauri ni Jumatatu. Na sitakuficha, Mzee. Nilimfundisha ili abatizwe, nikidhani ni wetu na hana mtu. Nimeomba nipewe mimi, nimemwandalia chumba. Ninamtaka. Lakini yeye anakungoja wewe."

Mzee alimsindikiza mpaka barabarani, kama adabu inavyotaka, akasimama pale akitazama juu kule mlimani. Mama Pelagia aliondoka bila kujua amefanya jema au amevunja kilichobaki.

Jumamosi alikwenda mchana na akaomba kukaa hadi magharibi. Kutoka bondeni hakuna habari iliyokuwa imefika. Walifumua kola za mashati kimyakimya. Shilinde alipojaribu kuanza utani wake aliwatazama usoni, akaghairi.

Jua lilipozama, msikiti wa jirani uliadhini. Wavulana waliofunga walisogea jikoni, wakanywa, wakaanza kula. Majidi alikaa ukutani na kikombe. Kisha kipaza sauti cha bondeni kikakoroma kama kawaida yake, na adhana ikaanza.

Haikuwa ile. Ilikuwa sauti ya kijana, nyembamba, iliyokosea pumzi katikati.

Majidi aliweka kikombe chini. "Siyo yeye."

"Ngoja, mwanangu."

"Siyo yeye! Hajawahi kukosa. Hata akiwa na homa huenda." Akamgeukia Mama Pelagia. "Umemwambia, Mama. Umemwambia ukamuua."

Mama Pelagia alimshika mkono, na kijana hakuutoa. Adhana ya bondeni ilimalizika. Ndipo funguo za Adinani ziliposikika langoni.

Guta la mizigo la magurudumu matatu liliingia likisukumwa, likiwa na masufuria yaliyofunikwa kwa kawa. Nyuma yake alikuwa Bi Swaumu, na mbele yake Mzee Twalibu, amevaa kanzu na kofia ya sala. Alisimama katikati ya ua akawapitia watoto mmoja mmoja kwa macho, mpaka alipofika ukutani.

"Majidi."

Kijana hakuinuka. Mzee akamsogelea, akakiona kikombe.

"Hujafuturu?"

"Sijasikia adhana."

"Imeadhiniwa. Leo nimemwachia kijana wetu Awadhi."

"Sijaisikia yako."

Mzee Twalibu alielekea kibla, akaweka mikono masikioni kama afanyavyo kila siku, akaadhini pale pale uani, bila kipaza sauti, kwa sauti ya chini ya mtu anayemwita mtu mmoja. Jikoni vijiko vilinyamaza. Alipomaliza aliinama, akachukua kikombe, akampa mwanawe. Majidi alikunywa maji yote bila kupumua.

Baada ya hapo mzee ndiye aliyeeleza, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. Alikuwa amekwenda kwa shehe wake. Mtu aliyekula yamini kisha akaona lililo jema zaidi, hulitenda lile jema na kuitolea yamini yake kafara: hulisha masikini kumi. Jamaa wa msikitini wameambiwa, na hakuna aliyepinga.

"Sasa, bwana mlinzi," alimgeukia Adinani, "waliofunga hapa ni wangapi, ukimtoa mwanangu?"

"Tisa, Mzee."

"Wa kumi nitampata wapi saa hizi?"

"Wa kumi ni mimi. Ungeona mshahara wangu usingeuliza."

Hata Bi Swaumu alicheka, machozi yakiwa bado yanamtoka. Muhogo wa nazi, maharage na tambi vilipoanza kupakuliwa, Shilinde alijongea pembeni, akiwa na sahani tupu nyuma ya mgongo.

"Mzee, na sisi tusiofunga?"

"Wewe ni mgeni wangu. Mgeni haulizwi kama amefunga. Lete sahani hiyo uliyoificha."

Jumatatu kijana alisimama mahakamani akataja jina lake mwenyewe na la baba yake. Hakimu alimsikiliza, akamsikiliza mzee, akamsikiliza Bi Consolatha, kisha akaamua Majidi akae kwa wazazi wake chini ya uangalizi na aendelee kujifunza ufundi. Mama Pelagia alikuwa benchi la nyuma. Hakuitwa kusema, kwa sababu hapakuwa na haja tena.

Lile vazi jeupe lilikuwa tayari, na lilikuwa limekatwa kwa vipimo vya mtu mmoja tu. Alilifumua shingo usiku mmoja, akalikata upya, akalitia darizi kifuani kwa uzi mweupe, akalirefusha, likawa kanzu. Siku moja kabla ya Idi alilipeleka bondeni. Mzee Twalibu, fundi kama yeye, alilishika kwenye mwanga akapitisha kidole mahali penye vitundu vidogo vya sindano.

"Nguo hii ilikuwa na shingo nyingine."

"Ilikuwa nayo, Mzee. Nimeifumua."

Mzee aliikunja kwa uangalifu, akaiweka juu ya goti. Kisha akauliza, "Jumamosi kijana aje kwako kushona?"

"Jumamosi mimi huwa kule."

"Basi mtakwenda wote."

Pasaka ile Mama Pelagia alikuja kanisani bila mtu wa kumsimamia ubatizo. Aliwasha mshumaa wake, akasali kama sisi wengine. Niliona kwamba alilia, na sikumuuliza.

Jumamosi iliyofuata wawili hao walipanda mlima. Majidi ndiye aliyebeba kopo la vifungo. Adinani alifungua lango, akamtazama kutoka kofia hadi kandambili.

"Wewe umekumbuka uji wetu?"

"Nimekuja kazini."

Kutoka upande wa pili wa ua Shilinde aliruka juu. "Mtakatifu Amon karudi!"

"Naitwa Majidi," akajibu, akaketi karibu naye, akamwekea mapajani shati lenye pindo bovu. "Anza kufumua."